Kufundisha wanafunzi kuchora kwa vitone vya glezi: tuanze na umbali kabla ya rangi

VitoneVyaBombo (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam. Nafundisha sanaa sekondari huku Luweero, na walimu kadhaa wamenifuata inboksi wakiulizia kazi ya vitone vya glezi (ile rangi inayoyeyuka motoni na kuwa kama kioo juu ya udongo) kwenye vigae, wanayofanya S.3 wangu, yaani kidato cha tatu. Nimeona niiweke hapa wazi, maana humu mna mafundi wa joko ambao mimi ni mwanafunzi wao.

Kuna jambo walimu wengi tunaliruka. Tukisikia "kuchora kwa vitone" tunawapa watoto kikombe na brashi nyembamba, halafu tunawaambia wavumilie. Kikombe ndicho mahali pabaya kuliko pote pa kuanzia. Piga hesabu uone. Jicho zima linatenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa takriban dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukiigeuza iwe hesabu ya darasani, kitone huacha kuonekana peke yake ukisimama mbali kama mara 3,400 ya upana wake. Kitone cha milimita 2 kinataka mita 7 hivi. Cha milimita 1 kinataka mita 3 na nusu. Sasa kikombe unakishika sentimita 40 kutoka usoni. Ili vitone vichanganyike hapo, kila kimoja kiwe na upana wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Hakuna mtoto wa kuyaweza hayo, na hata mimi siyawezi. Atakachopata ni kikombe chenye madoa. Kinaweza kupendeza sana, ila somo la rangi kuchanganyikia machoni litakuwa halijafundishwa.

Kwa hiyo mimi nafanya vigae vya ukutani, na ukuta wenyewe nauchagua kabla sijagusa udongo. Wetu unatazama uwanja wa netiboli, kwa hiyo mita 7 zipo na zinabaki.

Somo la kwanza halina udongo kabisa. Karatasi nyeupe, kalamu ya njano, kalamu ya buluu, vitone vya rangi mbili vikipishana. Tunabandika ukutani na kurudi nyuma hadi vitone vipotee. Kabla ya kurudi nyuma nawauliza wataona rangi gani, na darasa zima linajibu kijani, kwa sababu tangu shule ya msingi wameambiwa njano na buluu ni kijani. Wanachokiona kule ni rangi ya kijivukijivu. Hapo ndipo somo linapoanza. Rangi zilizokorogwa pamoja zinanyang'anyana mwanga, kila moja inameza sehemu yake, na kinachobaki ni kijani. Vitone vilivyokaa jirani havinyang'anyani chochote. Mwanga wa kila kimoja unafika jichoni na jicho linachukua wastani, na wastani wa njano na buluu unaangukia karibu na kijivu. Mtoto akitaka jani la kijani aweke vitone vya kijani, kisha atie njano upande wa jua na buluu upande wa kivuli.

Hivyo ndivyo alivyofanya Georges Seurat, Mfaransa aliyekufa mwaka 1891 akiwa na miaka 31 tu. Picha yake kubwa ya watu wakipumzika kando ya mto kisiwani Grande Jatte aliifanya kati ya 1884 na 1886, na leo iko Chicago. Ina karibu mita 2 kwenda juu na mita 3 kwenda upande. Mtoto akiiona kwenye kitabu, ikiwa na upana wa kiganja, hajaiona. Huwa nachora mstatili wa ukubwa huo kwa chaki ukutani, nawaambia: mtu aliujaza huu wote.

Kuna jambo jingine kuhusu picha ile linalowahusu wanaochoma udongo. Njano ya zinki aliyotumia ilianza kugeuka rangi ya kahawia ndani ya miaka michache, na nyasi zake zenye jua zikafifia. Glezi ikishapita motoni, rangi yake haisogei tena. Kigae kitafifia baada ya jengo lenyewe kuanguka.

Nitaendelea na vifaa. Wenye joko, karibuni.

FundiJoko

Mwalimu, ya umbali nimeipokea. Niongeze ya moto, maana wengi wanakwama hapa.

Glezi mbichi ni mwongo. Kobalti kabonati ukiitazama ndani ya chupa ina rangi ya zambarau, ikitoka jokoni ni buluu. Chuma nyekundu, yaani unga wa oksidi ya chuma, inaingia kama vumbi la barabara ya Kapeeka, inatoka rangi ya asali au kahawia kulingana na kiasi. Shaba angalau ni kijani mbichi na kijani ikiiva, kama joko lako linapumua vizuri. Kwa hiyo mwanafunzi anayechora kwa vitone haoni picha yake mpaka joko lifunguliwe. Mchoraji wa mafuta anarekebisha palepale, huyu wetu anafanya kazi gizani.

Dawa ni ubao wa majaribio. Vipande vidogo vya udongo uleule mtakaotumia, kila kimoja kina vitone vya glezi moja, kimechomwa na kuandikwa namba nyuma. Ubao unaning'inia mbele ya darasa, na watoto wanachagua rangi kutoka ubaoni. Chupani hawaangalii kabisa.

Viwango nilivyozoea kwenye glezi nyeupe au ya kioo (isiyo na rangi), kwa uzito: kobalti kabonati kuanzia nusu asilimia hadi 1, ukizidi hapo unapata buluu iliyokaribia weusi na umepoteza hela. Shaba kabonati 2 hadi 4. Chuma 2 hadi 4 kwa asali, 8 hadi 10 kwa kahawia nzito. Na shaba inalainisha glezi, kwa hiyo kitone cha shaba kinatambaa kuliko cha kobalti hata mkiviweka kwa ukubwa mmoja. Vya shaba viwekwe vidogo kidogo na viachiwe nafasi.

Kobalti ni ghali, na wakati mwingine inaniuma nikikumbuka kwamba Kasese walikuwa wakiitoa kwenye mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe. Basi, tuendelee.

MwalimuArua

Habari zenu. Naomba kuuliza maswali ya mtu wa kijijini. Udongo wetu ukiiva ni mwekundu. Nikiweka vitone juu yake vinapotea. Pili, joko letu ni la kuni, na umeme ukija unakuja kusalimia tu. Je, kazi hii inawezekana, au ni ya shule za Kampala?

FundiJoko

Mwalimu wa Arua, inawezekana. Hata udongo wa Kajjansi, unaotengeneza matofali na vigae vya paa vya nusu ya Kampala, unaiva mwekundu. Paka uji mweupe wa kaolini, aina ya udongo mweupe, juu yake. Kaolini inachimbwa Mutaka, kule magharibi. Changanya na udongo mweupe unaonata kidogo, kwa sababu kaolini peke yake inabanduka. Pakaza kigae kikiwa bado nusu mkavu, ukibonyeza kwa kidole hakibonyei ila bado kina ubaridi. Vikauke pamoja. Ukipaka kigae kilichokauka kabisa, uji unameguka kama ganda.

Kwa kuni usijaribu kushindana na joto kubwa. Choma mara ya kwanza hadi nyuzi 950 au 1,000, kisha glezi za joto la chini, 1,000 hadi 1,100. Nunua koni za kupimia. Koni inapinda kwa joto na muda kwa pamoja, jambo ambalo hata kipimo cha umeme hakikuambii. Weka majivu mbali na vigae. Ukuta wa matofali ya moto kati ya tanuru la kuni na chumba cha vyombo unatosha, la sivyo majivu yatakuwekea vitone ambavyo hukuviomba.

Na kwa wenye joko la umeme, umeme kukatika katikati ya kuchoma si msiba. Joko lililofungwa vizuri linashika joto. Umeme ukirudi unaendelea, ila uiangalie koni na usitegemee saa.

VitoneVyaBombo

Asante Fundi. Sasa vifaa, kwa sababu hapa ndipo bajeti za shule zetu zinapolia.

Brashi nimeziweka kando kabisa. Kitone cha brashi kina mkia. Spoku ya baiskeli ina unene wa milimita 2, na fundi wa baiskeli pale stendi anazo zilizopinda anazitupa. Kata vipande vya kiganja, sugua ncha kwa msasa iwe bapa, na kila mtoto ana kalamu ya kitone ya milimita 2 bila senti. Vijiti vya muchomo (mishkaki) vinatoa vikubwa zaidi, vijiti vya pamba vya masikio vikubwa kuliko hivyo. Bomba la sindano bila sindano yenyewe ni zuri kwa kitone kilichovimba, kile unachokisikia ukipitisha kidole.

Glezi ya kitone iwe nzito kuliko ya kuchovya. Kwetu kipimo ni bushera (kinywaji kizito cha mtama) ya siku ya pili: inadondoka kwenye kijiti, haitiririki. Ili kitone kisitawanyike natia gundi ya mti kidogo, ile ya mikakaya inayokusanywa Karamoja, niliyoilowesha usiku. Changanya ya wiki moja tu. Kwa joto letu inaoza, na darasa zima litanuka.

Kisha nafasi kati ya vitone. Chukua kigae cha sentimita 10. Kitone cha milimita 2, nafasi ya milimita 1, unapata vitone 33 kwa 33, kama 1,100 hivi. Mtoto akizoea anaweka kimoja kila sekunde mbili, kwa hiyo dakika 37, kipindi kimoja cha dakika 40 kimekwisha. Kwa kweli panga vipindi viwili, kwa sababu watacheka, watapiga chafya, mmoja atagongwa kiwiko.

Lakini angalia eneo. Kitone cha milimita 2 kinafunika milimita za mraba 3 na kidogo, na kila kitone kimepewa mraba wa milimita 9. Yaani theluthi moja tu ya uso ina rangi, theluthi mbili ni weupe wa chini. Ukirudi mita 7, picha nzima imepauka, na watoto wanadhani rangi ni mbovu. Rangi haina kosa. Ndiyo maana ninawafundisha kwamba rangi ya chini nayo ni kitone, tena kikubwa kuliko vyote. Sehemu ya kivuli, uso wa chini upakwe buluu ya kijivu au kahawia kabla. Sehemu ya jua, uachwe mweupe au upakwe njano hafifu. Baada ya hapo vitone vinapata pa kusimama.

Mkiwabana watoto wajaze nafasi zote ili rangi ikolee, glezi ikiyeyuka vitone vinashikana na mnapata tope.

MsaniiWaJinja

Nimesoma kwa makini na nina maneno mawili.

La kwanza, hata hao wakina Seurat, ukisimama mbele ya kazi zao vitone havipotei kabisa. Uzuri wake uko pale katikati, jicho linapokaribia kuvichanganya na linashindwa, rangi zinatetemeka. Mwalimu unawapeleka watoto mita 7 kana kwamba lengo ni kuvifuta vitone. Basi si wangepaka rangi moja tu, yaishe?

La pili, hii ni sanaa ya Wafaransa wa karne iliyopita ya karne iliyopita. Watoto wa Uganda wafinyange vyungu.

VitoneVyaBombo

Msanii, la kwanza nakubaliana nawe kwa asilimia zote. Mita 7 ni mwisho wa uwanja. Mwanafunzi anatembea kutoka ukutani hadi kule, na mahali fulani njiani, kwa kitone cha milimita 2 mara nyingi kati ya mita 3 na 5, kuna hapo unaposema rangi zinatetemeka. Nawaambia wapige mstari chini kwa chaki pale kila mmoja anapohisi. Mistari haiangukii pamoja, na wanabishana, na huo ubishi naupenda kuliko insha yoyote. Vitone vyenye mwanga unaolingana vinaungana mapema. Vya giza kando ya vyeupe vinakataa hadi mbali. Lakini mtoto hawezi kuipata hiyo sehemu ya katikati kama kazi yake iko kwenye kikombe, au kwenye ukumbi mwembamba ambao mgongo unagonga ukuta wa pili.

Glezi inayong'aa sana inaharibu jambo hili. Ukuta wetu unapigwa na jua la jioni, na glezi ya kioo ilikuwa inarudisha taa moja kubwa nyeupe, vitone havionekani. Ukuta wa nje tumia glezi iliyofifia mng'aro.

La pili sikubaliani. Kuhusu rangi, mtu aliyewasaidia wale wachoraji hakuwa mchoraji. Michel Eugène Chevreul alikuwa mkemia, msimamizi wa upakaji rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimepauka. Akapima, akakuta nyeusi haina kasoro, zilizoiharibu ni buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Kitabu chake kilitoka 1839. Mama yeyote anayesuka mikeka Masaka analijua hilo kwa mikono yake, hata kama hajaliandika. Rangi jirani inabadilisha rangi jirani. Hilo halina uraia.

PapaBunia

Niingie hapo hapo, kwa sababu nami ni mtu wa vyungu, nimekulia upande wa pili wa Ziwa Albert na sasa naishi Nsambya.

Ndugu Msanii, vitone havikuletwa na Wafaransa huku. Chukua kamba ya nyasi iliyosokotwa au kufungwa mafundo, iviringishe juu ya chungu kibichi. Inaacha safu za vishimo vidogo, maelfu, vimejipanga. Wafinyanzi wa eneo lote la maziwa makuu wamefanya hivyo kwa karne nyingi, na wachimbaji wa mambo ya kale wanavitumia vishimo hivyo kujua kigae kilichovunjika ni cha enzi gani. Na vyungu vya kale zaidi, vya utamaduni wa kale uitwao Urewe, vingine vina kishimo kimoja kitakoni, kimebonyezwa kwa kidole. Huyo naye alikuwa na kitone chake.

Kwa hiyo mwalimu, kuna somo liko katikati na sijaona umeligusa. Watoto waviringishe kamba kwenye kigae kibichi, wachome, kisha wapake glezi ya chuma na kuifuta kwa sponji lenye maji. Glezi inabaki kwenye vishimo tu. Ni vitone ambavyo mtoto hakuhitaji kuviweka kimoja kimoja hadi 1,100.

Neno moja la tahadhari. Ukitafuta vitone mtandaoni utaletewa kazi za wenyeji wa Australia, na watoto watataka kuiga. Kazi zile zilishika kasi Papunya mwaka 1971, mwalimu wa shule aitwaye Geoffrey Bardon akiwatia moyo wazee wachore. Zina hadithi za ukoo na mahali patakatifu, na vitone vingine viliwekwa hasa ili kuficha yasiyotakiwa kuonwa na kila mtu. Mtoto aonyeshwe, aelezwe, lakini asinakili alama zao. Nasi hatungependa mtu anakili alama za jumba la Kabaka kwenye sahani ya chipsi.

Nnalongo_Mukono

Wanangu, mmeongea rangi, moto na Ufaransa. Sasa nisikilizeni mimi niliyefuga vumbi la glezi miaka mingi.

Vumbi la udongo na glezi lina silika, na silika ikiingia mapafuni haitoki. Darasa lisifagiliwe kwa ufagio mkavu, kamwe. Sponji na maji, meza na sakafu. Kuchanganya unga ni kazi ya mwalimu, akiwa amevaa barakoa inayozuia vumbi, watoto wakiwa nje. Glezi yoyote yenye risasi isiingie shuleni, hata ikiuzwa rahisi. Manganizi nayo ina mvuke mbaya jokoni, joko likiwa linawaka watu wakae mbali na upande wa moshi. Na msipulize kitone kwa mdomo ili kikauke! Nimewaona.

La pili ni mafuta. Watoto wetu asubuhi wanajipaka mafuta mpaka viwikoni. Wanashika kigae kilichochomwa mara ya kwanza, mafuta yanaingia, glezi ikiyeyuka inajikunja na kuacha upara. Mtawalaumu mafundi wa joko bure. Sabuni mikono yote kabla ya kugusa, na kigae kifutwe kwa sponji yenye unyevu.

La tatu, hivyo vikombe ambavyo mwalimu hataki, najua watoto watavifanya tu kwa ajili ya mama zao. Vitone visiwekwe pale midomo inapogusa wala ndani. Shaba nyingi kwenye glezi isiyoiva vizuri inatoka ikikutana na juisi ya pasheni au ndimu. Weka kipande cha ndimu juu ya kitone usiku kucha. Asubuhi rangi ikiwa imebadilika, kikombe hicho ni cha kuwekea kalamu.

VitoneVyaBombo

Nnalongo, webale nnyo. Ya mafuta ya kujipaka nitaibandika mlangoni.

PapaBunia, la kamba nalichukua lilivyo. Litaingia S.1 kabla ya vitone vya rangi.

Kijana_S5

Samahani wakubwa. Shule yetu haina joko. Je, naweza kuchoma kwenye oveni ya mikate?

FundiJoko

Hapana, mdogo wangu. Oveni ya mikate inafika nyuzi 250 au 300. Glezi haijaamka hapo. Fanya vitone kwa rangi za akriliki kwenye vipande vya mbao, ujifunze nafasi na umbali, halafu mtafute mfinyanzi jirani mwenye joko, mfanye vigae vichache pamoja. Sehemu ngumu ya kazi hii haiko jokoni.

MwalimuArua

Nimeelewa mengi. Bado linanisumbua moja: rangi chini ya glezi, au glezi juu ya glezi? Nimesikia zote mbili na kila mtu anaapa kwa yake.

VitoneVyaBombo

Zote ni halali, zinafundisha vitu tofauti.

Vitone vya rangi ya chini vinawekwa juu ya kigae cheupe kilichochomwa mara moja, kisha vinafunikwa na glezi ya kioo. Havisogei. Ukingo unabaki mkali. Kwa somo la macho kuchanganya rangi, hii ndiyo, kwa sababu unachohesabu ndicho unachopata. Mchoro wa awali uchorwe kwa penseli ya kawaida, inaungua na kutoweka yenyewe.

Glezi juu ya glezi nyeupe mbichi ni njia ya zamani ya majolika. Uso ni kama unga, unameza kitone papo hapo, na mkono hauruhusiwi kurudi mara ya pili, ukirudi unabandua. Motoni kitone kinazama na kupanuka, pembeni kinalainika. Cha milimita 2 kinaweza kufika 2 na nusu. Nafasi zinapungua, rangi inakolea, na jirani wanaanza kusalimiana. Watoto wanapenda hii kwa sababu joko linawashangaza. Mimi naipenda kwa S.5 ambao tayari wana ubao wa majaribio. S.2 nawapa rangi ya chini, waone kwanza kwamba jicho lao ndilo linalofanya kazi, kabla moto haujaanza kuingilia.

Kama una muda wa kazi moja tu kwa muhula, chukua ya kwanza.

MsaniiWaJinja

Sawa, mmenipa ya kufikiria. Swali la mwisho la mtu mbishi: darasa la wanafunzi 50, unatoaje alama? Na mtaala huu mpya wa 2020 unataka kazi za mradi.

VitoneVyaBombo

Picha moja kubwa, kila mtu kigae chake. Sisi tulichagua fenesi lililopasuliwa, na si kwa sababu ya uzalendo: ganda lake tayari ni vitone, na ndani kuna njano za aina nne. Picha inagawanywa kwa miraba, 6 kwa 8, vigae 48. Udongo wetu unapungua karibu asilimia 10 ukikauka na kuiva, kwa hiyo kigae kibichi kinakatwa sentimita 11 ili kitoke karibu 10. Vikaushwe taratibu chini ya karatasi ya plastiki na kugeuzwa, la sivyo vinapinda pembe na ukuta utakuwa na mawimbi. Picha ikikamilika ina upana wa sentimita 80 kwa 60. Waliobaki wanasimamia ubao wa majaribio na kupanga joko, nao wanapewa alama.

Alama ninazigawa hivi: daftari la majaribio, kigae chenyewe, na maelezo ya mdomo mwanafunzi akiwa amesimama kwenye mstari wake wa chaki, akionyesha kigae chake kwa kidole na kusema kwa nini alipanga rangi zile. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito kwangu. Kuna mtoto mwenye kigae cha kawaida kabisa aliyeeleza kwamba alitia vitone vyekundu vichache kwenye kijani ili kijani kiwake. Huyo ameelewa kuliko mwenye vitone vilivyonyooka kama vya mashine.

Mhaya_wa_Bukoba

Uzi mtamu huu, nimeusoma wote nikiwa huku ng'ambo ya mpaka. Swali dogo tu. Mkishabandika vigae, ile saruji ya kwenye maungio mnaweka rangi gani? Nimeona watu wanaweka nyeupe, na picha inageuka kuwa dirisha la vyumba vidogo vidogo.

FundiJoko

Usiweke nyeupe. Kijivu cha kati, au kijivu chenye kahawia kidogo kama picha ina rangi za joto. Maungio membamba, milimita 2, yalingane na kitone, basi jicho linayahesabu kama safu nyingine ya vitone. Na vigae hivi vya joto la chini vinakunywa maji kwa nyuma, kwa hiyo viloweshe kidogo kabla ya kubandika, la sivyo vinanyonya maji ya saruji na vinaanguka msimu wa mvua.

Mhaya_wa_Bukoba

Nimekupata, Fundi. Na ukuta wa nje kabisa, usio na paa?

FundiJoko

Huko weka walau bati dogo juu. Mvua ya upande ndiyo mbaya, inaingia kwenye maungio.